Picha 38 za kipepeo wa chungwa: nani dume, nani jike, nani mwigaji?

#1 ShambaLaNyuma

Wakuu habari za jioni.

Niko Kitengela. Nyuma ya nyumba nimeacha kipande cha ardhi kijiotee chenyewe: mitoo (ile mboga ya majani) iliyokomaa hadi ikatoa maganda, lantana kwenye ua, na ule mmea wa utomvu mweupe wenye matunda yaliyovimba kama vibofu vyenye miiba laini. Tangu mvua ikatike vipepeo wa rangi ya chungwa wamejaa. Wiki tatu sasa natoka na simu kabla ya chai, na nina picha 38 zinazoonekana vizuri. Hapa naweka nne za mfano.

Picha ya 1: chungwa, ncha ya bawa la mbele nyeusi, na ndani ya weusi huo kuna ukanda mweupe.

Picha ya 2: chungwa tupu. Ncha haina weusi wala weupe, ni ukingo mwembamba tu ndio mweusi.

Picha ya 3: kama ya 1, ila kuna kitu kimekaa kombo na siwezi kukitaja.

Picha ya 4: mweusi tii, madoa makubwa meupe, mawili kila bawa la mbele na moja kila bawa la nyuma. Huyu nimemweka kwa sababu kazi yake ni kuwafukuza wenzake.

Programu ya simu inasema 1 na 2 ni Danaus chrysippus. Ya 3 jana ilisema Hypolimnas misippus. Leo picha ileile nimeikata pembeni kidogo, ikabadili ikasema Danaus. Hoja yangu ni hii: 1 ni dume, 2 ni jike, kama jogoo na tetea. 3 ni yuleyule wa 1 aliyechakaa. 4 ni jirani mkorofi. Nikosoeni.

#2 kiti_cha_mbele

Nimeshakaa. Anayepita na kahawa asinisahau.

#3 MwalimuMstaafu

Mleta uzi, umeanza vizuri ukaishia pabaya.

Wa 1 na wa 2 ni aina moja, hapo programu yako imepata. Lakini tofauti ya ncha nyeusi na ncha tupu si tofauti ya dume na jike. Ni mavazi mawili ya aina moja. Yule wa ncha nyeusi wanamwita umbo la chrysippus, yule mtupu ni umbo la dorippus. Madume wapo katika mavazi yote mawili, na majike vilevile. Afrika Magharibi kuna vazi jingine tena, la bawa la nyuma jeupe, linaitwa alcippus. Wewe uko karibu na Nairobi, ambako mavazi haya yanakutana na kuoana, ndiyo maana unayaona yote kwenye ua mmoja.

Jinsia itafute kwenye bawa la nyuma. Katikati yake kuna madoa meusi madogo. Jike ana matatu. Dume ana matatu hayohayo na la nne, kubwa kuliko mengine, limekaa juu ya mshipa upande wa chini kuelekea tumboni. La nne si doa hasa, ni kifuko. Ukikitazama kwa upande wa chini wa bawa, na mabawa yamefungwa, utaona kina weupe katikati na kimevimba kidogo. Humo ndimo dume anamohifadhia harufu ya kuchumbia.

#4 ndizi_mbivu

Mwalimu, yaani dume anatembea na chupa ya manukato mfukoni?

#5 MwalimuMstaafu

Mifuko miwili, na brashi mbili za nywele anazitoa mwisho wa tumbo. Anachovya brashi kwenye kifuko, kisha anampulizia bibi harusi. Sijatunga.

#6 fundi_lenzi

Kabla hatujafika harusini, mleta uzi naomba picha ya 3 isiyokatwa. Ile ya kwanza kabisa, jinsi ilivyotoka kwenye simu. Na usiitume kwa zile programu za ujumbe, zinaibana hadi doa dogo linakuwa uji.

#7 ShambaLaNyuma

Hii hapa. Haijaguswa.

#8 fundi_lenzi

Asante. Sasa angalieni wote. Bawa la nyuma la kulia, juu kabisa, pale linapoingia chini ya bawa la mbele: kuna doa moja jeusi, limejitokeza nusu. Kwingine kote bawa lile ni chungwa safi, halina kitu. Halafu ukingo: badala ya mstari mweusi wenye vidoa vyeupe tu, umekatwakatwa kama ukingo wa kitambaa cha kufuma, na ndani yake kuna vijimwezi vyeupe.

Huyo si Danaus. Huyo ni Hypolimnas misippus jike, anayemwiga Danaus. Danaus ana sumu kutokana na ule utomvu mweupe alioula akiwa kiwavi, ndege anamjua na kumtema. Misippus hana sumu ya namna hiyo, amevaa tu sare ya mwenzake.

Na programu ilibadili jibu kwa sababu ulipokata ulikata ukingo na lile doa. Uliipa picha ya kanzu ukaficha kola.

#9 Bi_Mwanakhamis

Nyie, na huyo mweusi wa picha ya 4? Maana huku Unguja nawaona wawili hao pamoja kila siku, na mweusi ndiye mwenye kiburi.

#10 fundi_lenzi

Dada, shikilia kiti. Mweusi wa picha ya 4 ndiye mume wa picha ya 3. Hypolimnas misippus dume. Mke chungwa, mume mweusi mwenye madoa meupe.

#11 ShambaLaNyuma

Subiri. Jirani mkorofi ni mume wa mtu?

#12 fundi_lenzi

Ndiyo. Na kwenye picha yako huoni kingine, kwamba kila doa jeupe lina ukingo wa zambarau inayong'aa. Rangi ile haionekani kutoka kila upande. Ukimpiga kutoka juu moja kwa moja anatoka mweusi na mweupe. Zunguka kidogo, mwanga umpige kwa pembeni, zambarau inawaka kama mafuta juu ya maji. Watu wengi wamebishana humu kwamba hao ni aina mbili, kumbe ni kipepeo mmoja na saa mbili tofauti za siku.

#13 Bi_Mwanakhamis

Basi ndiyo maana! Kiwavi wake namjua, mweusi mwenye miiba. Anakula tako la Hasani lote nyuma ya jiko langu.

#14 ndizi_mbivu

Anakula NINI la Hasani???

#15 Bi_Mwanakhamis

Ni jani, wewe. Lile linalotambaa chini, majani manene kama yamejaa maji, maua ya njano. Wengine wanaliita danga. Tafuta shughuli.

#16 MwalimuMstaafu

Bi Mwanakhamis amesema jambo zito kuliko mnavyocheka. Kiwavi ni shahidi asiyedanganya. Danaus akiwa kiwavi ana milia ya njano, nyeusi na nyeupe, na jozi tatu za pembe laini mgongoni, naye anakaa kwenye mimea ya utomvu mweupe. Misippus akiwa kiwavi ana miiba iliyotawanya matawi, na anakula danga na jamaa zake. Wakikua wanafanana, utotoni hawafanani hata kidogo. Mwenye shaka ya picha ya kipepeo atafute watoto.

#17 mpita_njia

Kuna njia rahisi kuliko zote hizi. Hesabu miguu. Mwigaji anasimama kwa miguu minne, Danaus sita. Tulifundishwa hivyo.

#18 fundi_lenzi

Hapana mkuu. Wote wawili wanasimama kwa minne. Ni ukoo mmoja, Nymphalidae, na katika ukoo huo miguu ya mbele imefupika, imekunjwa kifuani kama mtu aliyeficha mikono kwa baridi. Danaus zamani aliwekwa kwenye ukoo wake peke yake, labda ndiko mkanganyiko ulikotoka, lakini hata wakati huo miguu ilikuwa minne.

#19 MtuWaMuheza

Miguu isitupwe moja kwa moja, fundi. Kuna mahali inasaidia.

Mimi nafuga vipepeo huku Usambara Mashariki, au niseme nilikuwa nafuga, kwa sababu marufuku ya 2016 ya kusafirisha wanyama hai nje ya nchi ilitukuta na pupa mkononi. Tuliuza pupa kwenda kwenye mabanda ya maonyesho Ulaya. Katika kazi ile ukikosea aina umekula hasara, kwa hiyo macho yanafunguka.

Yupo mwigaji mwingine ambaye hamjamtaja. Papilio dardanus. Dume lake ni la njano hafifu, lina mikia miwili, huwezi kulikosea. Jike halina mkia, na lina maumbo zaidi ya kumi. Lipo la nyeusi na nyeupe linalowaiga vipepeo wengine, akina Amauris. Na lipo moja, trophonius, la chungwa, ncha nyeusi, ukanda mweupe, linamwiga huyohuyo Danaus wenu. Ukipata picha ya trophonius ukiwa na haraka utaandika Danaus na utalala usingizi mnono.

Huyo sasa mhesabie miguu. Ni wa ukoo mwingine, Papilionidae, anasimama kwa sita.

Mara ya kwanza jike jeusi na jeupe lilipotoka kwenye banda langu nilidhani nimechanganya viwavi wa jirani. Nikagombana na mke wangu kwamba ndiye aliyefungua wavu. Nimeomba radhi tangu hapo, lakini bado ananikumbusha.

#20 kiti_cha_mbele

Kwa hiyo kipepeo ameleta ugomvi wa ndoa Muheza, na Kitengela tunaambiwa mkorofi ni mume wa mtu. Uzi huu uhamishwe jukwaa la mahusiano.

#21 MwalimuMstaafu

MtuWaMuheza usione aibu. Roland Trimen, aliyekuwa Cape Town, alipoandika 1869 kwamba wale majike wasio na mkia na lile dume la njano ni aina moja, wapo wataalamu wa Ulaya waliomcheka. Ilibidi watu wafuge kutoka yai ndipo ubishi ukapungua. Hata yule misippus jike wa ncha tupu, anayemwiga dorippus, aliwahi kupewa jina lake kama aina ya kujitegemea: inaria. Leo ni jina la vazi tu.

#22 ShambaLaNyuma

Nimekesha. Nimezipitia zote 38 upya kwa maelekezo yenu.

Misippus dume, yaani mkorofi: 5.

Misippus jike: 6. Wawili kati yao ni wa ncha tupu, hao inaria wa Mwalimu. Nilikuwa nimewaandika Danaus bila wasiwasi.

Danaus: 27. Kati ya hao, picha 19 bawa la nyuma linaonekana lote. Nimetafuta kifuko. Nimekuza picha hadi simu ikapata moto.

Hakuna. Picha 19, jike, jike, jike, mpaka mwisho. Madume wako wapi?

#23 ndizi_mbivu

Wako kazini Nairobi, watarudi jioni na matatu.

#24 mpita_njia

Umehesabu vibaya. Haiwezekani.

#25 fundi_lenzi

Mpita njia, safari hii na mimi nina shaka, ila si ya kuhesabu. Shaka yangu ni picha zenyewe. Jike anatulia. Anazunguka mmea, anapinda tumbo, anataga yai moja, anapumzika, anakwenda jani la pili. Wewe na simu yako unamsogelea hadi sentimita 20. Dume anapita doria, anavuka ua na kupotea. Mwenye simu atapata majike siku zote. Ulichohesabu ni wanaokubali kupigwa picha.

Halafu zile 8 ambazo bawa la nyuma halionekani, ziweke hapa.

#26 boda_wa_Kampala

Jamani mimi nasoma tu kutoka Kampala, lakini hili la majike matupu si jipya. Huku Uganda kuna kipepeo mdogo, Acraea encedon, naye anavaa nguo za Danaus. Kuna sehemu karibu wote ni majike. Watafiti walikuta bakteria ndani ya mwili wa mama, anamrithisha kwenye mayai, na mayai ya kiume yanakufa. Majike wanakusanyika vilimani kusubiri dume, wakati ilitakiwa madume ndio wawasubiri wao.

#27 MwalimuMstaafu

Nilitaka kulifikia hilo. Hata Danaus wa eneo la Nairobi amechunguzwa na kukutwa na hali hiyohiyo. Bakteria huyo anaitwa Wolbachia.

#28 boda_wa_Kampala

Mwalimu, kwa heshima, Wolbachia ni wa Acraea. Wa Danaus ni Spiroplasma. Kazi inafanana, bakteria ni tofauti. Matokeo ya wale wa Nairobi yalichapishwa 2020. Walikuta kwamba kwenye majike wenye Spiroplasma, kromosomu inayobeba jeni za rangi imeungana na ile ya kike, kwa hiyo bakteria na kipande hicho cha kromosomu vinasafiri pamoja kutoka mama kwenda binti.

#29 MwalimuMstaafu

Umenisahihisha sawasawa. Spiroplasma. Nimeshika kalamu nyekundu miaka mingi, leo nimeonja wino wake.

#30 ndizi_mbivu

Mwalimu amepata 9 kwa 10. Asimame pembeni mwa ubao.

#31 ShambaLaNyuma

Hizi hapa zile 8. Boda, nimesoma ulichoandika mara tatu. Yaani watoto wa kiume wanakufa kabla hawajatoka kwenye yai?

#32 boda_wa_Kampala

Ndiyo. Na mayai yale hayapotei bure. Dada zao wakianguliwa wanayala.

#33 kiti_cha_mbele

Nilikuwa nakula.

#34 fundi_lenzi

Nimezipitia zile 8. Saba hazisemi kitu: mbili mwanga umezidi, chungwa limekuwa njano na madoa yameyeyuka, nne bawa la mbele limefunika la nyuma, moja ni kidole chako.

Lakini ya 22! Mabawa yamefungwa, amekaa kwenye ganda kavu la mitoo, jua liko nyuma yake. Upande wa chini, chini ya yale madoa matatu, kuna duara jeusi lenye nukta nyeupe ndani. Kifuko hicho. Dume.

Kwa hiyo ni 1 kati ya 20.

#35 ShambaLaNyuma

Sikumwona kabisa! Nilidhani ni kivuli cha ganda.

#36 fundi_lenzi

Ndiyo maana nasema piga upande wa chini. Watu wanapenda mabawa yaliyofunguka kwa sababu ni maridadi. Toka alfajiri akiwa bado na baridi, au jioni wanapojipanga kwenye vijiti vikavu kulala, mabawa yote yamefungwa. Shusha mwanga wa simu kidogo, chungwa hili linazidi haraka. Piga picha tatu: upande, juu, na moja ya ukingo wa bawa la nyuma peke yake. Uzuri wa picha tuachie sisi wa kalenda.

#37 MtuWaMuheza

Hilo la ganda kavu la mitoo msiliruke. Huku tunaita marejea. Madume wa jamii hii wanaifuata marejea iliyonyauka. Kuna dawa ndani ya mmea ule wanayoihitaji kutengenezea ile harufu ya kwenye kifuko. Bila mmea ule brashi ni kavu, jike hamtazami mara mbili. Hawafuati ua wala yai, wanakwangua shina lililokauka na kunyonya.

Kwa hiyo jibu langu ni la kienyeji: madume wapo, lakini wewe unapiga picha kwenye maua. Wao wako kwenye majani makavu.

#38 ndizi_mbivu

Ina maana sisi tunaokula mitoo na ugali tunanukia vizuri kwa vipepeo?

#39 Bi_Mwanakhamis

Vipepeo labda. Watu sijui.

#40 kutoka_Maskati

Salamu kutoka Maskati. Huku Omani Danaus huyu tunaye, na dorippus mtupu tunamwona, na misippus yupo. Sijawahi kufikiria kutafuta kifuko. Nimefungua picha zangu za zamani, nina sita tu zinazofaa: madume wanne, majike wawili. Si hesabu ya kuthibitisha chochote, nawapa tu mjue kwamba kwetu wanaume hawajaisha.

#41 ShambaLaNyuma

Nimerudi baada ya siku tano. Nilifanya mawili.

La kwanza, nilikata mitoo, nikaifunga fungu, nikaitundika kwenye ua ikauke. Siku ya pili hakuna aliyekuja. Siku ya tatu saa nne asubuhi walikuwa wawili, wameng'ang'ania shina hata nilipoligusa hawakuruka. Hadi leo nina picha 7 mpya kutoka kwenye fungu lile. Vifuko vinaonekana kwenye 5.

La pili, nilikusanya mayai 12 kutoka kwenye ule mmea wa utomvu mweupe, kila yai na jani lake, nikaweka kwenye vifuniko vya chupa. Yameanguliwa 7.

#42 MtuWaMuheza

Si niliwaambia!

#43 fundi_lenzi

Muheza, tulia. Ametundika kitu kinachoita madume, kisha amehesabu madume. Huko ni kwenda baa usiku, kuhesabu wateja, na kutangaza kwamba mji hauna wanawake.

#44 MtuWaMuheza

Na kukaa saluni asubuhi na kutangaza kwamba mji hauna wanaume ndiyo nini?

#45 fundi_lenzi

Hiyo nakubali.

#46 boda_wa_Kampala

Mayai 7 kati ya 12. Mama mwenye Spiroplasma mayai yake yanaanguliwa kama nusu. Mimi hapo nashawishika.

#47 MwalimuMstaafu

Boda, sasa zamu yangu ya kalamu nyekundu. Danaus anataga yai moja moja, jani hili moja, mmea ule moja. Mayai 12 yanaweza kuwa ya mama kumi na wawili. Unahesabu wenye bakteria na wasio nao kwenye kikapu kimoja. Halafu yai halifi kwa bakteria tu. Kuna nyigu wadogo kuliko punje ya mchanga wanaotaga ndani ya yai la kipepeo. Kuna kukauka, na vifuniko vya chupa vinakausha.

Ukitaka jibu, mshike jike mmoja akiwa ndani ya wavu, atage humo, ufuge wote hadi watoke, uhesabu. Kisha jike wa pili. Kisha wa kumi.

#48 ShambaLaNyuma

Mwalimu, nina kazi ya ofisi.

#49 mpita_njia

Mbona hamuongelei upepo? Vipepeo hawa wanahama kufuata mvua. Labda madume wanafika kabla au baada. Mleta uzi amepiga wiki tatu tu za mwaka.

#50 MwalimuMstaafu

Mpita njia leo umesema la maana. Mavazi yenyewe yanabadilika uwiano kwa msimu, sembuse jinsia. Na boda akumbuke Samoa: kule Hypolimnas bolina, binamu wa huyu misippus wetu, madume walikuwa kama 1 kwa 100 mwaka 2001. Kufika 2006 walikuwa wanakaribia nusu kwa nusu, kwa sababu vipepeo walipata namna ya kumshinda bakteria. Hesabu ya mwaka huu haikuambii ya mwakani.

#51 boda_wa_Kampala

Ile ya Samoa ni Wolbachia, Mwalimu. Safari hii ungeipatia.

#52 MwalimuMstaafu

Sikuitaja kwa makusudi.

#53 Bi_Mwanakhamis

Bibi yangu alikuwa akisema kipepeo akiingia ndani, mgeni yuko njiani. Hakuwahi kusema mgeni mwanamke au mwanamume. Naona alikuwa hajapata simu ya kukuza picha.

#54 msomaji_kimya

Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Swali: wale wa njano wadogo wanaoruka chini kwenye nyasi, Eurema, na wale Papilio weusi wenye ukanda wa buluu, nao wanatambulika hivihivi kwa madoa?

#55 MtuWaMuheza

Karibu. Wa buluu, akina nireus na bromius, utapima upana wa ukanda mpaka uchoke, na picha ikiwa ya pembeni upana unadanganya. Eurema usijiumize. Wengine hawatambuliki kwa uhakika bila kufungua viungo vya uzazi chini ya hadubini. Mwenye picha tu aandike "Eurema" na kuendelea na maisha.

Na demodocus, yule kiwavi wake anayemaliza michungwa, dume na jike ni sare. Nimemfuga miaka na bado nasubiri watoke wapandane ndipo nijue.

#56 fundi_lenzi

Ushauri wa ziada kwa msomaji kimya: usikubali jina la programu kabla hujajua imetazama sehemu gani ya bawa. Funika sehemu kwa kidole, iulize tena. Ikibadilisha jibu, pale ulipofunika ndipo penye siri.

#57 ShambaLaNyuma

Wakuu, samahani kuwarudisha. Picha ya 46, ya leo jioni, dakika kumi zilizopita. Danaus, ncha tupu, mabawa yamefungwa, upande wa chini, mwanga nimeushusha kama fundi alivyosema. Amekaa katikati kabisa, kati ya fungu la mitoo kavu na ule mmea wa utomvu. Nimepata kila kitu. Ila mjusi au ndege ameng'ata bawa la nyuma palepale kilipotakiwa kuwa kifuko.

#58 fundi_lenzi

Zunguka upige bawa la upande wa pili.

#59 ShambaLaNyuma

Nilizunguka. Amehamia kwa jirani.

#60 ndizi_mbivu

Ameenda kwa mkorofi.